Barazani kwa Mwalimu: Mtoto wa Mzee wa Bukavu na Barua ya Aprili

Mwaka jana niliwaahidi kwamba safari hii nitaandika habari za mahari na gharama za harusi, jambo ambalo liliwakasirisha watu kabla hata sijaliandika. Naomba radhi, ahadi hiyo itangoje. Siku ya Idi, pale ukumbini, kina mama watatu walinivuta pembeni mmoja baada ya mwingine, na wote walikuwa na swali moja: Mwalimu, mwanangu anataka kuwa mchezaji wa mpira wa kulipwa, nimwache au nimzuie? Wa kwanza nilimjibu kwa mzaha. Wa pili nilimwambia aje nyumbani tuzungumze. Wa tatu alipouliza nilishindwa kumtazama usoni, na sababu yake mtaiona huko mbele.

Kwanza nieleze njia yenyewe, maana wengi wetu tunauona mwisho wake tu kwenye televisheni. Hapa Ubelgiji mtoto huanza akiwa na miaka mitano au sita katika timu ya mtaa. Hawachezi kumi na mmoja kwa kumi na mmoja kama sisi tulivyocheza vumbini Buyenzi, wakubwa na wadogo pamoja na mwenye mpira ndiye nahodha. Huanza wachache kwa wachache katika kiwanja kidogo, kisha watano kwa watano, kisha wanane kwa wanane, na kiwanja kizima hukipata wanapokaribia miaka kumi na mitatu au kumi na minne. Utaratibu huu ulitiwa nguvu baada ya mwaka 2000, pale Ubelgiji, ikiwa mwenyeji wa Kombe la Ulaya pamoja na Uholanzi, ilipotolewa katika hatua ya makundi mbele ya watu wake. Chama cha mpira, chini ya mkuu wake wa ufundi Michel Sablon, kikakaa kufikiri upya namna watoto wanavyofundishwa. Mojawapo ya waliyoyafanya ni kuondoa msimamo wa ligi kwa watoto wadogo kabisa, ili mtoto aguse mpira mara nyingi badala ya kuhesabu pointi. Pointi zimeondolewa kwa watoto, lakini kina baba wanaosimama kando ya uwanja bado wanazihesabu, tena kwa sauti.

Kando ya uwanja huohuo husimama mtu mwingine, kimya, mwenye daftari. Huyo ametumwa na klabu kubwa kutafuta vipaji. Akimpenda mtoto, barua huja nyumbani: mlete kwa majaribio. Akifaulu anaingia akademi, na hapo maisha ya nyumba hubadilika. Mazoezi mara mbili kwa wiki huwa matatu, kisha manne, na Jumamosi au Jumapili ni mechi, pengine mbali, Genk au Liège. Nani ampeleke? Nani amfulie? Nani abaki na wadogo zake? Tena kuna Jumatano. Mnajua shule za hapa hufungwa Jumatano mchana, na mchana huohuo ndio tuliouchagua sisi kwa chuo cha Kurani, kwa kuwa hatukuwa na mwingine. Makocha nao wameuchagua huohuo. Ugomvi mwingi katika nyumba zetu kati ya mpira na dini, ukiuchungua, ni ugomvi wa saa nane na nusu ya Jumatano.

Kila mwisho wa msimu, Aprili au Mei, huja barua nyingine. Hiyo husema mtoto anabaki au anaachwa. Mtoto aliyeingia na miaka minane akitaka kufika timu ya kwanza na kumi na minane, atangoja barua hiyo mara kumi. Mtu mzima akiachishwa kazi mara moja tu mnajua anavyokuwa.

Kuna na mambo ya sheria ambayo mzazi ayajue kabla hajashika kalamu. Kanuni za FIFA hazimruhusu mtoto chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine ila kwa masharti maalumu, kama vile wazazi wake wanapohamia huko kwa sababu zisizohusu mpira, au kati ya nchi za Ulaya kuanzia miaka 16. Mkataba wa kulipwa wa mtu aliye chini ya miaka 18 usizidi miaka mitatu. Na mkataba ukiisha, mchezaji ni huru kwenda atakako. Haki hiyo ilipatikana na Mbelgiji mwenzenu, Jean-Marc Bosman, aliyeshinda kesi yake katika mahakama ya Ulaya tarehe 15 Desemba 1995, ingawa yeye mwenyewe haikumnufaisha sana. Kwa hiyo mtu akikufuata nje ya msikiti, akakwambia anajua klabu Uturuki inayomtaka mwanao wa miaka kumi na minne, na kwamba kuna gharama ndogo tu za kutanguliza, mnywesheni chai, kisha mumsindikize mpaka kituo cha tramu.

Sasa nije kwa mtu ambaye sote tunamjua. Alikua karibu nasi, katika mitaa ya nyuma ya Gare du Nord, hatua chache kutoka mpaka wa Schaerbeek. Baba yake, Mzee Pierre Kompany, ni mtu wa Bukavu, aliyezaliwa mwaka 1947, na watu wa Bukavu hawahitaji kufundishwa Kiswahili na mtu. Alipokuwa mwanafunzi aliingia matatani na utawala wa Mobutu, akaja Ubelgiji mwaka 1975 akiwa mkimbizi. Akaendesha teksi huku anasomea uhandisi. Akamwoa mwanamke wa Kibelgiji, Jocelyne, mwanaharakati wa chama cha wafanyakazi, wakapata watoto watatu: Christel, Vincent na François. Mzee huyo baadaye aliingia siasa, na uchaguzi wa Oktoba 2018 ukampa umeya wa Ganshoren. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa meya katika nchi hii, na siku ile simu za ukoo zililia mpaka usiku wa manane.

Vincent alizaliwa tarehe 10 Aprili 1986. Aliingia timu ya watoto ya Anderlecht akiwa na miaka sita. Wengi wanaanza hapo na kurukia kombe. Mimi nawaomba msimame mwaka 2000, alipokuwa na miaka kumi na minne. Amesimulia mwenyewe kwamba katika kipindi kile wazazi wake waliachana, alifukuzwa shule, na akaondolewa timu ya taifa ya vijana baada ya kubishana na kocha. Haya yote kwa mkupuo. Mtoto mrefu, mweusi, mbishi, mwenye maoni juu ya kila kitu. Nimefundisha dini katika shule za hapa miaka mingi na nimewaona wengi wa namna hiyo wakiandikiwa ripoti na kupelekwa shule za ufundi wasizozitaka. Angeweza kupotea mwaka ule, na leo tusingejua jina lake.

Hakupotea. Klabu haikumwacha, nyumbani masomo yalibaki mbele, na tarehe 30 Julai 2003, na miaka kumi na saba, alicheza mechi yake ya kwanza na timu ya wakubwa ya Anderlecht, dhidi ya Rapid Bucharest katika mechi za kuwania kuingia Ligi ya Mabingwa. Februari 2004 akaichezea Ubelgiji dhidi ya Ufaransa. Mwaka huohuo Anderlecht wakawa mabingwa, naye akapata Kiatu cha Dhahabu cha 2004. Kutoka miaka sita hadi kumi na saba ni Aprili kumi na moja za kungoja barua. Yaliyofuata mnayajua, nitayapita upesi: Hamburg 2006, Manchester City Agosti 2008, unahodha, ubingwa wa Uingereza mara nne, 2012, 2014, 2018 na 2019. Kisha ukocha: Anderlecht, Burnley, na tangu 2024 Bayern Munich, aliowapa ubingwa wa Ujerumani 2025.

Mimi mwalimu, basi mniwie radhi nikisema kwamba jambo lililonifurahisha kuliko makombe hayo ni la Desemba 2017, alipopata shahada ya uzamili ya biashara katika Chuo Kikuu cha Manchester. Alikuwa anaisoma huku misuli inamkatika kila msimu na vyombo vya habari vinauliza kama amekwisha. Mtu aliyefukuzwa shule na miaka kumi na minne alirudi darasani mwenyewe akiwa mtu mzima. Na mwaka 2013 alinunua klabu ndogo ya Brussels, akaiita BX Brussels, hasa kwa ajili ya watoto wa mitaa ya mji huu.

Sasa nitazame upande ambao hautazamwi. François, mdogo wake, aliyezaliwa 1989, alipita malezi hayohayo ya Anderlecht. Naye alifika kwenye mpira wa kulipwa, na hilo si jambo dogo hata kidogo. Lakini alicheza katika klabu ndogo, mojawapo Macclesfield, katika madaraja ya chini ya Uingereza. Mama mmoja, baba mmoja, sahani moja, akademi moja. Mzazi anayeniambia kwamba mwanawe atafika kwa sababu anajituma, namwambia amfikirie François, ambaye sina sababu ya kudhani kwamba hakujituma.

Tena njia si hii moja tu. Watu wa Bujumbura tuna Shabani Nonda, aliyezaliwa pale mwaka 1977. Hakulelewa katika akademi yoyote ya Ulaya. Alipitia Young Africans ya Dar es Salaam na klabu ya Afrika Kusini kabla hajafika Zürich, Rennes na Monaco, na alikuwemo katika kikosi cha Monaco kilichofika fainali ya Ulaya 2004. Tuna Mohammed Tchité, mtoto wa Bujumbura pia, aliyekuja Standard Liège 2003 akiwa tayari kijana mzima, na 2007 akapata Kiatu cha Mpingo akiwa Anderlecht. Na yuko Romelu Lukaku wa Antwerp, ambaye amesimulia jinsi alivyomkuta mama yake akichanganya maji kwenye maziwa ili yafike mwisho wa wiki, na jinsi mzazi wa timu nyingine alivyomdai kitambulisho uwanjani na miaka kumi na mmoja, eti athibitishe amezaliwa wapi. Aliingia Anderlecht mwaka 2006, na Mei 2009, siku kumi na moja tu baada ya kutimiza miaka kumi na sita, akacheza na wakubwa. Msimu uliofuata alikuwa mfungaji bora wa ligi huku bado ni mwanafunzi wa sekondari. Baba yake mwenyewe alikuwa mchezaji wa Zaire aliyelipwa katika nchi hii, na bado maziwa yalikuwa na maji. Kabla hamjahesabu pesa za mpira, hesabuni hilo.

Basi, nimefika kwenye lile lililonifanya nishindwe kumtazama yule mama.

Mjukuu wangu ana miaka kumi na mmoja. Alikuwa katika timu ya watoto ya klabu moja kubwa, nisiyoitaja, kwa misimu mitatu. Mei mwaka huu ilikuja barua ya kumwacha. Mistari minne, ya adabu, na jina lake limekosewa herufi. Mtoto hakulia mbele yetu. Alikwenda kuvua soksi za klabu, akazikunja vizuri, akaziweka juu ya meza ya jikoni, akasema zirudishwe. Baba yake, mwanangu, ndiye aliyeshindwa kujizuia. Alizunguka sebuleni akilaani klabu, kocha, nchi, mpaka mama mtoto akafunga madirisha. Akasema: mimi hata hiyo nafasi ya kuachwa sikuipata, hakuna aliyewahi kuniandikia.

Mimi nilikuwa nimeketi pale pale, na kikombe mkononi.

Mwanangu alizaliwa 1987, mwaka mmoja baada ya mtoto wa Mzee Kompany. Alicheza hapa hapa Schaerbeek, na mazoezi mengine aliyafanya peke yake kwenye nyasi za bustani ya Josaphat, akiupiga mpira kwenye ukuta mpaka walinzi wamfukuze. Aprili 1999, alipokuwa na miaka kumi na miwili, ilikuja bahasha yenye nembo ya klabu. Ilimwita kwa majaribio, siku tatu, zote Jumatano, ya kwanza tarehe 21. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua barua zote za nyumba ile. Niliisoma mara mbili. Juzuu alikuwa hajamaliza, hesabu zilikuwa zinayumba, na katika shule niliyofundisha palikuwa na mvulana aliyeachwa na klabu mwaka uliotangulia, ambaye hakuinua tena kichwa darasani. Nikajiambia namwepusha. Nikaitia barua chini ya risiti za kodi ya nyumba, na Jumatano ile nikampeleka chuoni mwenyewe, kwa mkono.

Mama yake aliijua barua ile. Aliniuliza mara moja tu, Mwalimu, umeshamwambia? Nikasema bado. Hakuniuliza tena mpaka Mungu alipomchukua.

Sikumfukuza mwanangu mpirani. Aliendelea na timu ya mtaa hadi miaka kumi na sita, kisha akaacha kama wanavyoacha wengi. Alimaliza shule, akawa fundi umeme, ana nyumba na watoto, hana deni. Kwa miaka ishirini na zaidi nilikuwa nikimtazama nasema moyoni: unaona, nilifanya vyema. Lakini huwezi kupima barabara ambayo mtu hakuruhusiwa kuikanyaga. Pengine wangemrudisha baada ya siku ya kwanza, nami nadhani hivyo ndivyo ingekuwa. Lakini hiyo nayo ni dhana yangu tu, dhana ya mtu mwenye haja nayo. Mzee wa Bukavu alikuwa na sababu za kuogopa kama zangu, mkimbizi, dereva wa teksi, mtoto mbishi, lakini aliuacha mlango wa mpira wazi na mlango wa shule wazi pia. Mimi niliona kwamba ili mmoja ubaki wazi sharti mwingine niufunge, tena kimyakimya, na ufunguo niutie mfukoni.

Nilimwambia usiku ule ule wa Mei. Nilijua nikilala nalo halitatoka tena. Alisimama katikati ya chumba. Hakupaza sauti, ingawa dakika tano nyuma alikuwa anapaza kwa mambo madogo zaidi. Akauliza, "Unayo bado, Baba?" Nilikuwa nayo. Tulikwenda nyumbani kwangu kwa miguu, bila kusema neno njia nzima. Akaisoma amesimama, chini ya taa ya ukumbini, akaigeuza aone kama kuna kitu nyuma. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, akaniaga kwa adabu zote.

Ijumaa mbili hakuja kula kwangu. Ya tatu alikuja na mtoto. Alisema zamu yake kazini imebadilika, Jumatano hawezi, na mtoto amepata nafasi katika timu ndogo ya mtaa, mazoezi saa kumi. Jirani yetu Mbelgiji amemshawishi pia ajaribu mpira wa magongo, ambao watu wa hapa wanajivunia tangu walipochukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Mtoto amejaribu mara moja, akasema gongo ni fupi mno na mgongo unauma. "Utaweza kumpeleka wewe, Babu?" mtoto akauliza. Nikamtazama baba yake. Baba yake alikuwa anatazama sahani.

Nimezungumza na mwalimu wa chuo, naye, Mungu amjaze kheri, amekubali darasa la Jumatano lianze saa saba na nusu kwa wale wenye mazoezi. Wako watoto wanane sasa, na watatu kati yao ni wasichana. Wanasoma mpaka saa tisa na robo, wanakula mkate garini, na saa kumi wako uwanjani. Kwa kina mama watatu wa siku ya Idi: njooni na watoto wenu, nafasi ipo, ila wa magari tunahitaji wengine wawili. Na barua zikija, fungueni mbele ya mtoto.

Mjukuu wangu anacheza beki. Si mrefu. Jumatano iliyopita mvua ilinyesha tangu mwanzo hadi mwisho, na nilipogeuka nikamwona mwanangu kwenye uzio wa upande wa pili, amevaa nguo za kazi, ametoka mapema. Hakuja upande wangu. Aliponiona aliinua mkono, nami nikainua wangu, na mpira ukaendelea.